Nyumba ya Farasi Katika Kisiwa Kisicho na Farasi

WAHENGA walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hakuna Mswahili asiyeujua msemo huu. Wanasiasa huutumia wagombanapo, majirani huutupiana juu ya kuta, na mimi mwenyewe nimeutia katika mashairi yangu mara nyingi hata nadhani nimeuchosha. Lakini juma nililokaa Kiwayu, mtoto wa miaka kumi aliniuliza swali moja dogo, nami nikatambua kwamba umri wangu wote nimekuwa nikiwataja hao mafahali pasi na kuuliza zizi lenyewe li wapi.

Kwenda Kiwayu kutoka Lamu ni safari ya maji. Chombo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao hungojewa maji yajae ndipo upitike. Kisha huambaa na Pate, kikaiacha Faza, kikaiacha Ndau, ndipo Kiwayu hujitokeza: kisiwa kirefu chembamba, upande mmoja bahari kuu na mawimbi yake, upande wa pili maji ya ndani yaliyotulia, na ng'ambo ya maji hayo bara na mikoko yake. Bahari ya huko imo ndani ya hifadhi ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Wenyeji ni Wabajuni, na kazi yao ni uvuvi. Ukitaka maneno ya nyavu, dema na ngalawa, njoo Kiwayu utapewa hata yakushinde kubeba. Ukitaka maneno ya farasi, umepotea ndia, kama wasemavyo watu wa visiwa hivi.

Nilikwenda kumtazama shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye sasa ni bibi kizee wa miaka sabini na kitu. Nilimbusu mkono, nikapewa chai na mkate wa mofa, nikakaa uwani chini ya kivuli. Hapo ndipo mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alipokuja na kitabu cha mazoezi mkono mmoja na kamusi ndogo mkono wa pili.

"Mjomba," akaniuliza, "eti farasi hulala katika imara?"

Nikamwambia, "Katika nini?"

"Katika imara. Kitabu kinasema farasi hulala katika 'stable', na kamusi inasema 'stable' ni imara, thabiti, isiyotikisika."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu, kwa sababu mtoto alikuwa ameukaribia ukweli kuliko alivyojua mwenyewe. Nikakichukua kitabu chake. Ukurasa ule ulikuwa na orodha ya wanyama upande wa kushoto, na upande wa kulia nafasi ya kuandika nyumba zao kwa Kiingereza. Majibu yalichapwa mwishoni mwa kitabu, na mwanafunzi alitakiwa ajisahihishe mwenyewe. Kwenye farasi mtoto alikuwa ameandika "banda". Kwenye mbuzi alikuwa ameandika "jikoni", kwa kuwa mbuzi wa bibi yake hufungwa kamba usiku nyuma ya jiko. Kisha alikuwa ametazama majibu ya nyuma, akachukua kalamu nyekundu, akajitia mkasi mwenyewe mara mbili.

Msomaji, mkasi ule ulinikaa moyoni. Mtoto hakuona uvivu wala upumbavu. Aliandika alichokiona kwa macho yake, kisha kitabu kikamwambia kwamba alichokiona si kweli. Nikamwambia akae, tulitazame hilo neno tangu shina lake, tuone nani mwenye kosa.

MAHALI PA KUSIMAMA

Neno "stable" si la Waingereza kwa asili. Walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walikuwa na kitenzi chenye maana ya kusimama, na kutokana nacho wakaunda "stabulum", yaani mahali pa kusimama, pahala anaposimama mnyama akapumzika. Normandi walipoishinda Uingereza mwaka 1066, lugha ya mabwana ikawa Kifaransa, na maneno ya mabwana yakamiminika katika Kiingereza. Farasi alikuwa mnyama wa mabwana. Si ajabu basi kwamba nyumba yake ilipewa jina la kibwana.

Na lile neno jingine, "stable" lenye maana ya imara? Ni ndugu yake, tumbo moja. Kitu imara ni kitu kinachoweza kusimama kisianguke. Kwa hiyo mtoto aliyeuliza kama farasi hulala katika imara alikuwa amewakuta ndugu wawili waliofanana sura, akamwita mmoja kwa jina la mwenzake.

Ukoo huu wa kusimama ni mkubwa, na umefika mpaka kwetu bila ya sisi kujua. Tunaposema "stesheni" tunasema mahali pa kusimama. Hapa natumai msomaji ataona jambo la kupendeza, kwani sisi wenyewe tuna neno letu la mahali hapo hapo, "kituo", nalo latokana na kutua, kama mtu atuavyo mzigo kichwani. Mwingereza akifika mwisho wa safari husimama. Mswahili hutua. Mahali ni pamoja, lakini mmoja ameitazama miguu ya msafiri na mwingine amelitazama furushi lake.

Kuna mjukuu mwingine wa banda la farasi ambaye Kiwayu anajulikana vizuri sana, naye ni konstebo. Jina hili limetokana na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya mkuu wa banda la farasi. Zamani alikuwa ofisa wa kifalme aliyesimamia farasi wa mfalme. Farasi walikuwa ndio nguvu ya vita, basi msimamizi wao akapanda cheo akawa mkubwa wa jeshi. Baadaye katika Uingereza cheo kikateremka ngazi baada ya ngazi hata kikawa cha askari polisi wa kawaida. Hata jina la marshali, ambalo Dedan Kimathi aliliongeza kwa jina lake msituni, mwanzo wake ulikuwa ni mtumishi wa farasi.

Nilipomwambia mtoto hayo, macho yalimtoka. Tangu shambulio la Kiwayu la Septemba 2011, na yale ya Mpeketoni ya Juni 2014, watu wa pwani hii wamewazoea makonstebo kuliko walivyowazoea watalii. Kumbe farasi hakufika kisiwani, lakini msimamizi wa banda lake amefika, na bunduki yake mkononi!

Tusiwacheke Waingereza peke yao. Konstebo akimkamata mtu humpeleka mahakamani, na huko mshitakiwa hupandishwa kizimbani. Kizimba ni nini? Ni tundu la kuku. Tumechukua nyumba ya kuku tukamsimamisha ndani yake binadamu anayengojea hukumu, na magazeti huandika neno hilo kila siku bila ya mtu kusikia kuku akilia ndani yake. Na Waingereza wamefanya vivyo hivyo bila ya kushauriana nasi, kwani neno lao la mahali pa mshitakiwa, "dock", lilitoka kwa Waflemi, na kwao lilikuwa ni tundu la kufungia wanyama. Basi msimamizi wa farasi humpeleka mtuhumiwa katika tundu la kuku. Mwenye kusema lugha haina mzaha hajaisikiliza.

WAARABU NA NYUMBA ZA MIFUGO

Mtoto akauliza, "Na Waarabu husemaje, mjomba?" Aliuliza kwa sababu yumo chuoni, anasoma juzuu zake, na kwake yeye kila neno lenye heshima lina asili ya Kiarabu.

Waarabu ndio waliotupa hata jina la farasi lenyewe. Hakuna taifa lililomsifu mnyama huyu kwa mashairi kuliko wao. Lakini nyumba yake wanaiita "istabl", na wanazuoni wa lugha hawafichi kwamba neno hilo ni la kigeni, limetoka kwa Warumi kwa njia ya Kigiriki. Ni lile lile "stabulum". Mwarabu na Mwingereza, mmoja jangwani na mwingine katika ukungu wa kaskazini, wamekopa kwa tajiri mmoja. Kwa hiyo kukopa neno si aibu. Mwenye farasi bora duniani alikopa jina la banda lake na hakupungukiwa na kitu.

Kwa mifugo yao mingine Waarabu wana maneno yao wenyewe, na maneno hayo yana macho. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama inafaa kusali mahali pa kondoo na mbuzi, akajibiwa kuwa inafaa. Akauliza mahali pa ngamia, akakatazwa. Walimu wetu walitufundisha hukumu yake, lakini mimi nilipenda maneno yake. Mahali pa kondoo huitwa "marabidh", pahala wanapojilaza. Mahali pa ngamia huitwa "mabarik", pahala wanapopiga magoti. Mrumi alimtazama mnyama wake akimwona amesimama. Mwarabu alimwona kondoo amelala na ngamia amepiga magoti. Kila mmoja amelipa pahala jina la alichokiona jioni alipokuwa akihesabu mali yake.

Liko na neno la tatu, "hadhira", lenye maana ya uzio wa mifugo. Wasomaji wasilichanganye na hadhira yetu ya watu wanaosikiliza hotuba. Hilo la mifugo huandikwa kwa dha, na hili la watu kwa dhadi, na ulimi wetu wa Kiswahili umezifanya herufi hizo mbili kuwa moja. Kutokana na hilo la kwanza limekuja neno lililomo katika Suratul-Qamar, "muhtadhir", yaani mtu anayejenga uzio wa mifugo. Humo watu wa Thamud walioangamizwa wamefananishwa na makapi makavu ya mjenga uzio. Niliihifadhi sura hiyo nikiwa mdogo, kwa bakora ya mwalimu, na maana yake nikapewa baadaye. Nilidhani nimeielewa. Nitarudi kwake.

SISI TUNAITAJE?

Sasa tuje nyumbani. Mtoto alitaka jibu moja: "stable" kwa Kiswahili ni nini? Na hapa ndipo penye fundo, maana kitabu chake kimejengwa juu ya dhana ya kwamba kila mnyama ana nyumba yake yenye jina lake. Katika Kiingereza ni kweli kiasi. Nyumba ya mbwa, "kennel", ndani yake mna jina la Kilatini la mbwa. Nyumba ya kuku, "coop", zamani ilikuwa ni kikapu, kama tenga letu la kupelekea kuku sokoni.

Kiswahili hakiendi hivyo. Sisi kwanza huuliza: imejengwaje? Kama ina paa na nguzo, ni banda. Kama ni uzio wa kuzungushia mifugo, ni zizi. Kama ni ua madhubuti wa kuzunguka watu na mali yao, ni boma. Kama ni kidogo cha kufungika, ni kizimba au tundu. Kama limesukwa, ni tenga. Tukishakujua kujengwa kwake, ndipo tunapomtaja mwenyewe: banda la farasi, banda la mbuzi, banda la mashua. Mnyama huja mwisho. Kwa hiyo mtoto aliyeandika "banda" mbele ya farasi hakukosa maana. Alijibu kwa akili ya lugha yake swali lililoulizwa kwa akili ya lugha nyingine.

Na kwa kuwa jina letu halimfungi mkaaji, wakaaji hubadilika. Tazama hilo banda. Leo hoteli za pwani na za mbuga za wanyama Kenya huwaandikia wageni kwamba watalala katika "banda", na mgeni hulipa fedha nzuri kwa usiku mmoja. Wazungu wamelichukua neno kutoka kwetu wakalitia katika Kiingereza chao cha safari, kama tulivyochukua sisi "gereza" kwa Wareno, kwao likiwa ni kanisa, kwetu likawa kifungo.

Boma nalo wamelichukua. Wapo wanaoapa kwamba neno hili ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, ati utawala wa maofisa wa Kiingereza. Nimelisikia hilo barazani, likisemwa na watu waliosoma. Si kweli. Henry Morton Stanley alilitumia neno boma katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1878, na Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, amelitia katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882. Himaya ya Waingereza katika nchi hizi ilitangazwa mwaka 1895. Mtoto hawezi kumzaa babu yake.

Hori nalo lisisahauliwe, maana hilo lina chumvi ya bahari. Hori ni chombo kidogo cha majini. Hori ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Na hori ni kile chombo cha kulishia ng'ombe na punda. Mvuvi akiitazama mashua kuukuu iliyopinduliwa ufukweni, na mfugaji akilitazama hori lake la majani, wote wawili wanaona umbo moja.

Lakini farasi? Farasi hakukaa nasi, na sababu yake ni mbung'o. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari wa jeshi David Bruce alithibitisha kwamba maradhi ya nagana yanayoua mifugo hutokana na kijidudu kinachobebwa na inzi huyo. Misitu ya bara yetu, Boni na Dodori, ina mbung'o wake, na farasi ni katika wanyama wasiomstahimili. Kwa hiyo farasi wetu waliishi katika tenzi. Pate, hapo jirani, ndipo ulipoandikwa mwaka 1728 Utendi wa Tambuka, juu ya vita vya Waislamu na Warumi. Mimi nilimjua farasi kwa masikio, akipiga kwato ndani ya tenzi za vita usiku wa taa ya chemni, miaka mingi kabla ya kumwona kwa macho. Mnyama wetu wa mchana alikuwa punda. Lamu punda ana hospitali yake tangu mwaka 1987, lakini baada ya kazi punda wengi hulala wima vichochoroni, na mpita njia ndiye anayepisha.

Mtoto akaniambia, "Mimi ninaye farasi." Akaingia ndani akaja naye. Alikuwa amemchonga kwa ndara, zile ndara kuukuu zinazoletwa na bahari upande wa mawimbi. Watoto wa Kiwayu wamechonga wanyama kwa ndara miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi hiyo ya mikono ikaonekana na wahifadhi wa bahari, ikawa biashara iliyofika mbali. Farasi wake alikuwa wa buluu na shingo ya waridi. Huyo ndiye farasi pekee niliyemwona Kiwayu.

"Basi na tumjengee," nikamwambia. "Tumjengee nini?" "Zizi." Akanitazama. "Zizi nalijua," akasema, "ni lile la mafahali wawili. Lakini likoje?"

ZIZI LILILOFUNGULIWA

Nikafumbua kinywa, nikakuta sina la kusema. Mimi ni mtoto wa mji wa mawe. Nilijua neno, nilijua wingi wake, nilijua vina vinavyolifaa. Sura yake sikuijua.

Shangazi alikuwa akipepeta mchele, nami nilidhani hasikilizi. Akaweka ungo chini.

"Mwaulizana ninyi kwa ninyi," akasema, "na mimi zizi nimelifagia kila siku ya Mungu mpaka nimevunja ungo."

Nikamwambia, "Tueleze, shangazi."

"Zizi si la mti wowote, mwanangu. Hukatwa matawi ya miba, yakapangwa duara, miba ikatazama nje. Paa halina. Mlango ni tawi moja kubwa. Jioni hulivuta likaziba, asubuhi hulivuta likafungua. Ndani tukiwasha moto wa mavi makavu ya ng'ombe, moshi uwafukuze inzi. Sisi tulikuwa na ng'ombe sita na mbuzi. Simba akiunguruma, sisi tumelala upande huu, wao upande ule, na miba ndiyo amani yetu."

"Na miba yenyewe hudumu?"

"Haidumu. Ikikauka hukatika vipande vipande. Ng'ombe huikanyaga, mbuzi huikwangua, upepo huipeperusha, mwisho wake ni makapi tu. Kila mwaka baba akijenga upya. Ukipita zizi la mwaka jana hukuti uzio, wakuta vumbi."

Msomaji, nilinyamaza. Sura ile nimeisoma tangu utotoni, na mwalimu alinipa maana ya kila neno lake. Lakini makapi ya mjenga uzio nilikuwa sijayaona. Bibi kizee ambaye hakusoma sarufi wala tafsiri ndiye aliyenionyesha, na ungo wake miguuni. Nilikuwa nimelibeba neno kama mtu aliyebeba sanduku lililofungwa, naye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Nikamuuliza likawaje hilo zizi.

Hilo zizi lilikuwa bara, ng'ambo ya maji unayoyaona kutoka kijijini. Wabajuni walikuwa na vijiji na mashamba upande ule. Kisha vikaja vita vya Shifta, baada ya uhuru wa mwaka 1963, vikaendelea mpaka 1967. Vijiji vya bara vikahamwa. Watu wakavuka kuja visiwani, wengine wakaenda Lamu, Malindi, Mombasa. Wengi wao hawakurudi.

"Chombo kilikuwa kidogo," akasema shangazi. "Watu kwanza. Mbuzi wawili walipata nafasi. Ng'ombe hawakupata. Baba alilivuta lile tawi la mlango, akalitupa mbali, asilirudishe. Akasema, wacha watoke, wasife wamefungwa. Sisi tuko majini, twawasikia wakilia. Baadaye alivuka mara moja kwenda kutazama. Akarudi asiseme kitu."

Akauchukua ungo wake. Baada ya kitambo akaongeza, "Hapa tukawa kuku wageni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi na mbuzi wetu nao tukawatia kamba, tukawalaza jikoni. Zizi la nini, na ng'ombe hakuna?"

Hiyo ndiyo sababu ya jibu la mtoto. "Jikoni" haikuwa ujinga wa mtoto wa kisiwani. Ndani ya neno hilo moja mlikuwa na vita, na chombo kidogo, na ng'ombe sita walioachwa. Na kalamu nyekundu ikapita juu yake.

Simlaumu aliyeandika kitabu. Yumo mjini, na majibu yake ni sahihi kwa Kiingereza. Mtoto wetu na ajue kwamba Mwingereza humlaza farasi katika "stable", na ajue pia kwamba neno hilo ni mahali pa kusimama, na kwamba konstebo ametoka humo. Elimu haimzidi mtu uzito. Ninachokihofia ni kujifunza nyumba ya farasi wa watu huku tukipoteza zizi la babu zetu. Zizi halikusahauliwa kwa kuwa kuna neno bora lililolishinda. Lilisahauliwa kwa kuwa siku moja lilifunguliwa usiku, na walioliona ni wachache, na hakuna aliyewauliza. Msemo umebaki, mafahali wamebaki ndani ya msemo, uzio umekuwa vumbi. Mwenye bibi na amuulize leo. Kesho ataulizwa kamusi, na kamusi haikufagia zizi.

Jioni ile tulikwenda, mimi na mtoto, nyuma ya vichaka vya mchangani tukakata miba, naye shangazi akatuelekeza kwa fimbo yake: hapana, miba nje, hapana, duara. Zizi lilikuwa la kiasi cha sinia. Ndani yake akasimama farasi wa buluu mwenye shingo ya waridi. Mtoto akaleta kitabu chake, akaifuta mikasi miwili kwa kifutio hata karatasi ikachakaa. Kwenye farasi akaandika jibu la kitabu, na kando yake akaandika "banda". Kwenye mbuzi akaandika jibu la kitabu. Kisha akamtazama bibi yake, akaandika: "zizi, zamani, jikoni, sasa."

Nami nikaona niliache neno kwa watu wa mashairi:

Neno lina kimbilio, lina kwao na malezi,
Lina shina na kituo, si la leo si la juzi,
Likikosa matumio, hutoroka kama mwizi,
Tulitilie uzio, lisitoke kwenye zizi.